Ombi la Kuhesabiwa Kama Bakteria

Kwa Daktari wa Meno na mwenye kliniki,
Chumba cha matibabu,
Mlango unaotazamana na meza yangu.

Daktari wangu mheshimiwa,

YAH: KUPEWA HADHI SAWA NA BAKTERIA WA TANGI LA SAMAKI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba utakapoifungua barua hii mkono wako wa kulia hautakuwa ndani ya kinywa cha mtu. Najua ningeweza kukueleza haya kwa mdomo, kwani tunatenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao na nasikia hata ukikohoa. Lakini kila nikikufuata nakukuta kwenye mojawapo ya shughuli mbili: unang'oa jino, au umeinama mbele ya tangi. Ya kwanza siwezi kuikatiza kwa sababu ya huruma. Ya pili ulishatukataza.

Kabla ya malalamiko nieleze mambo yalivyo, asije mtu akasema nimekurupuka.

Siku tangi lilipoletwa ulituita sote kwenye chumba cha kusubiria. Ulikuwa umeshaiondoa ile picha kubwa ya jino lililooza, na mahali pake likawekwa tangi la kioo, refu kama benchi, lenye kokoto, majani ya plastiki na maji. Ulisema wagonjwa wetu wanaingia wakitetemeka, na kwamba mtu mwenye hofu akitazama samaki wanaogelea moyo hutulia. Tulipiga makofi. Shangazi wa usafi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote hapa ila tumemzoea hivyo, akauliza samaki wenyewe wako wapi. Ukajibu kwamba samaki bado, kwanza maji yaive.

Nilikuelewa vizuri, maana ulieleza mpaka wagonjwa wakasahau kuugulia. Samaki hutoa uchafu, uchafu unakuwa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wema wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, nayo ni sumu. Wapo na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao makazi yao ni kwenye sponji ya chujio, na mpaka wazaliane wakatosha, ukitia samaki umewaua. Sayansi hiyo siipingi hata kidogo. Ninachokipinga ni nafasi yangu mimi ukilinganisha na wao.

Mimi ni mhudumu wa mapokezi wa muda, niliye kwenye majaribio. Uliponipokea ulisema, "Tukutazame kwanza." Tangu hapo ninatazamwa. Kompyuta niliyoikuta mezani ilikufa, ikaletwa nyingine, nayo ikafa, na mimi bado ninatazamwa. Jambo hili lingekuwa dogo kama si gego langu la chini, upande wa kushoto. Lina tundu ambalo ulimi wangu unalijua kuliko mimi ninavyoijua njia ya nyumbani. Kanuni uliyoibandika kwenye chumba cha chai inasema mfanyakazi aliyethibitishwa atatibiwa meno bure, papo hapo, bila foleni; wa muda atatibiwa kama mtu wa nje. Kutibiwa kama mtu wa nje siwezi, na anayejua kwa nini siwezi ni wewe unayenilipa. Kwa hiyo nakaa kutwa nzima nikiwapokea watu wanaoumwa meno huku nami naumwa jino. Kwenye simu nazungumza kwa upande wa kulia wa mdomo. Wagonjwa wakiniona nimeshika shavu wanadhani nawaonea huruma, na wengine wamenishukuru.

Baada ya kusema hayo, haya hapa yanayonikera.

1. Kukaribishwa kazini. Bakteria waliletwa kwa gari lako. Ulikwenda kuomba kipande cha sponji iliyokomaa kwa rafiki yako mwenye tangi la zamani, ukakipakata njia nzima ndani ya mfuko wa maji huku ukiendesha, na ulipoingia ukatuomba tupunguze sauti. Maji yao yalitiwa dawa ya kuondoa klorini ili yasiwaunguze. Wakawekewa hita wasishikwe na baridi. Mimi nilipofika nilioneshwa dirisha lisilofungika nyuma ya kiti changu, nikaambiwa nitalizoea. Nimelizoea, ila shingo imekataa.

2. Chakula. Wao hutiwa amonia tone kwa tone, kwa bomba la ganzi ulilolichomoa sindano, wasife njaa wala wasivimbiwe. Kuna asubuhi ulichelewa ukanipigia simu kutoka njiani kuuliza kama wamekula. Nikajibu wamekula, nikatulia kidogo na simu sikioni, nikidhani swali la pili linakuja. Ukakata. Chai yangu nainywa nyuma ya kabati la mafaili, kwa upande wa kulia, na ikishapoa.

3. Kupimwa. Kila asubuhi unachota maji ya tangi kwenye vichupa, unatia dawa, unatikisa, halafu unavipanga mezani kwangu vibadilike rangi. Amonia ikiwepo maji huwa ya kijani, nitriti huwa ya zambarau, nitrati huwa ya chungwa. Mwalimu mmoja mstaafu, shavu limemvimba, alikuja kujiandikisha akaona kichupa cha zambarau kando ya kadi yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho ni chake. Nikamwambia ni maji ya samaki. Akageuka kulitazama tangi, hakuona samaki hata mmoja, akanirudia. "Binti yangu," akasema, "mimi ni mtu mzima. Niambie ukweli." Nilimweleza habari za nitriti kwa kadiri nilivyoweza, na nadhani hizo ndizo zilizomtisha zaidi. Aliondoka bila kutibiwa, akarudi keshoye na wanawe, wote wamevaa suti, kuja kupokea habari rasmi. Wakati huo wewe ulikuwa umesimama dirishani na glavu zako, umekiinua kichupa kile kile juu ya mwanga, umekunja uso. Mtoto wake mkubwa alianza kulia.

Sasa, Daktari, viumbe ambao jicho haliwaoni unawachunguza kila siku kwa rangi tatu. Kinywa changu, ambacho nakifungua mbele yako kila asubuhi nikikuamkia, hujawahi kukitupia jicho.

4. Umeme. Siku ulipokatika ghafla, ile betri ya akiba ilikuwa inatosha kuendesha kitu kimoja. Kwenye kiti alikuwemo yule mama fundi cherehani, jino limeshatobolewa nusu, mdomo wazi. Uliagiza betri iunganishwe kwenye pampu ya tangi, kwa maelezo kwamba maji yakisimama bakteria wanakosa hewa na kufa, ilhali mama huyu anaweza kupumua mwenyewe. Hoja hiyo ni sahihi kisayansi. Mama hakuweza kukujibu kwa sababu ya ganzi, nami nikamjibia kimoyomoyo. Alipotoka aliniomba nimwoneshe hao wagonjwa mahututi walioachiwa betri yake. Nikamwonesha sponji. Aliitazama, akauliza kama wana ndugu hapa kliniki.

5. Kusukutua. Hili naliandika kwa tahadhari. Bomba la sinki la wagonjwa lilikuwa kavu, na wewe ulikuwa umemwambia kijana wa duka la vipuri akasukutue. Akatoka na midomo iliyokufa ganzi, akaona maji safi yamejaa kwenye kioo na kikombe cha kuongezea maji pembeni. Mtu wa haki hawezi kumlaumu. Alisukutua vizuri sana, na alikotemea naomba nisikuandike. Nilipopiga ukunga ulitoka mbio, na kwa sekunde moja nilifurahi kuona jinsi unavyomjali mgonjwa. Ulimpita. Uliliendea tangi, nikakusikia ukisema, "Jamani, wameguswa na dawa ya mdomo." Ukaagiza sehemu ya maji ibadilishwe upesi. Kijana nilimpa kitambaa cha karatasi mimi, akakaa chini pale pale sakafuni, kwa maana hakuna aliyemwambia kama alichoonja kinaua.

6. Msamaha. Hapa ndipo ninapoumia kweli, naomba unisome taratibu. Shangazi aliikuta sponji imekuwa ya kahawia na inateleza, akaona aibu kwa niaba ya kliniki nzima. Akaiosha kwa sabuni ya unga, akaisuuza mara nyingi, akaianika juani pamoja na matambara ya kudekia. Ilirudi nyeupe na yenye harufu nzuri. Bakteria wote, ukoo mzima, walikuwa wamekwisha. Sote tuliogopa kukuambia. Ulipoambiwa hukupandisha sauti. Ulimshika Shangazi bega ukasema hana kosa, hakuna aliyemweleza kwamba uchafu ule ndio wafanyakazi wenyewe. Halafu ukalitazama tangi ukasema, "Basi, tuanze upya. Hawa viumbe wanahitaji muda na moyo."

Nilifurahi kwa ajili ya Shangazi, maana ni mtu mwema. Lakini nami niliwahi kumwandikia mgonjwa mmoja saa ya mgonjwa mwingine, na majaribio yangu yakaanza kuhesabiwa upya siku hiyo hiyo, bila bega kushikwa. Daktari, bakteria walikufa kazini wote kwa pamoja, wakasamehewa, wakaletewa wenzao. Mimi sijawahi kufa kazini hata mara moja.

7. Jana. Ulitoka chumbani umeinua vichupa. Cha amonia kilikuwa cha manjano safi, maana yake hakuna amonia. Cha nitriti kilikuwa cha buluu mpauko, maana yake hakuna nitriti. Cha nitrati kilikuwa cha chungwa, maana yake kazi inafanyika. Macho yako yalikuwa yamelowa. Ukatangaza mbele ya wagonjwa na wafanyakazi kwamba bakteria wamepita majaribio. Neno ulilolitumia, Daktari, ni "wamethibitishwa".

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga paja kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa shavuni. Kisha nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Mama yangu kila akipiga simu huniuliza kama wameshanithibitisha, nami humjibu kwamba bado wananitazama. Juzi aliniuliza ni kitu gani wanachokitafuta kwangu ambacho hakionekani mpaka leo. Naona haya kusema kwamba jana niliwaonea wivu wadudu.

Hata hivyo wivu haujengi hoja, kwa hiyo nilikaa nikafikiri, na sasa naomba unifuate hatua kwa hatua. Kazi ya bakteria ni nini? Ni kupokea sumu mwanzoni kabisa, kuipunguza makali na kuipeleka mbele ikiwa haina madhara. Sasa nitazame mimi. Mtu anaingia mlangoni hajalala kwa maumivu, ameambiwa aje asubuhi na bado anakuta foleni. Huyo ni amonia tupu. Mimi nampa kiti, nampa pole, namsikiliza akinitukana mimi na kliniki na aliyebuni meno. Baada ya muda anabaki kunung'unika tu, ambayo kwa hesabu yangu ni nitriti. Naendelea naye. Anapoitwa kuingia kwako, anainuka mpole na kukuamkia, nawe unasema kila siku kwamba wagonjwa wa mji huu wana adabu. Adabu hiyo hawakuja nayo, Daktari. Imetengenezwa pale mezani kwangu.

Kwa hiyo kwa vipimo vyako mwenyewe mimi ni bakteria, tena wa aina zote mbili. Tofauti ni kwamba sikuletwa nimepakatwa. Kama una shaka, nitoe siku moja uone maji yatakavyochafuka.

Kutokana na hoja hiyo, naomba yafuatayo. Kwanza, nihesabiwe rasmi kuwa bakteria wa kliniki hii, na stahili zote za bakteria, ikiwa ni pamoja na watu kupunguza sauti ninapoingia. Pili, kwa kuwa bakteria wa kliniki hii wamethibitishwa jana, nami niwe nimethibitishwa jana. Tatu, gego langu litibiwe kabla kiumbe chochote chenye mapezi hakijavuka mlango huu. Wagonjwa wetu wameishi bila samaki muda wote huu, na sijaona aliyekufa kwa kukosa kitu cha kutazama. Hofu ya jino ni utoto tu. Mtu mzima anaingia, anakaa, anafungua mdomo, basi. Mimi nimeisikiliza ile mashine yako kila siku tangu nifike na sijawahi kushtuka. Sihitaji samaki wa kunibembeleza, nahitaji kiti.

La mwisho si ombi, ni taarifa. Waya wa pampu ya tangi unapita chini ya meza yangu, na swichi yake iko karibu sana na mguu wangu wa kushoto, upande ule ule unaoniuma. Sitishi mtu. Nataja tu mahali mguu ulipo, kwa ajili ya kumbukumbu.

Nisalimie mkeo na watoto, na umwambie mama mkwe wako kwamba meno yake ya bandia yako tayari. Salamu kwa Shangazi, kwa mama fundi cherehani, kwa mwalimu na wanawe, na kwa kijana wa vipuri, ambaye nasikia anaendelea vizuri. Kwa bakteria nafikisha pongezi zangu kwa kila mmoja wao, nikiwaomba radhi kwamba siwezi kuwataja.

Ni mimi ninayeendelea kutazamwa,

Mhudumu wa Mapokezi (wa muda)

Nakala: Tangi la samaki, isomwe kwa sauti ya chini.

Baada ya sahihi:

Daktari, nilikuwa ninaikunja barua hii ulipopita kuchungulia vichupa, ukaliona jina lako, ukainyakua. Uliisoma yote ukiwa umesimama, na glavu mkononi, na mimi nikaanza kukusanya vitu vyangu kwenye mkoba. Uliponirudishia ulikuwa umepauka. Ukasema, "Kumbe sijakuthibitisha? Mwanangu, mimi nilijua wewe ni wa kudumu tangu zamani. Nisamehe sana. Basi kuanzia sasa hivi umethibitishwa. Ingia ndani, kiti kiko wazi, tulitoe hilo gego."

Nilisimama. Nakiri kwamba nilifurahi mpaka nikauangusha mkoba, na nikadhani ni furaha peke yake. Nilifika hadi mlangoni. Nikaliona trei. Nikaiona ile taa kubwa ikigeuzwa kutazama mahali ambapo kichwa changu kingekuwa. Halafu ukaijaribu mashine kidogo, na Daktari, sauti ile nimeisikia kila siku ikimhusu mtu mwingine. Nilikuambia simu inaita, nikarudi mezani. Simu haikuwa inaita.

Ndiyo maana naongeza maneno haya, na nayapitisha chini ya mlango badala ya kubisha. Jino limeacha kuuma, nahisi limepona lenyewe. Uthibitisho naushukuru kwa moyo wote na mama nimeshampigia, ila kwa vile kanuni ya chumba cha chai inasema aliyethibitishwa atatibiwa papo hapo, naomba unirudishe kwenye majaribio kwa muda, bila kumwambia mama. Yale niliyoyaandika kuhusu hofu na utoto yafutwe, ikiwezekana yachanwe. Nimejaribu kulitazama tangi ili moyo utulie kama ulivyosema. Nimetazama kokoto, nimetazama majani ya plastiki, nimetazama sponji. Hakuna kinachosogea humo, Daktari. Nakuomba ufunge mapema leo ukanunue samaki, hata wawili, hata wadogo kiasi gani. Wakishaanza kuogelea nitavuta kiti mbele yao, na nikiweza kuachia meza, nitakuja mwenyewe.